Poti ya Safu ya Ishirini na Tatu

Wenzake walimwita Kanuni, na hawakumpa jina hilo kwa mapenzi. Kwa miaka kumi na minne ya kuhudumu ndani ya ndege, hakuna mkoba uliochungulia chini ya kiti yeye akaupita, hakuna kiti kilicholazwa kabla ya wakati akakinyamazia, na simu iliyolia baada ya tangazo haikupata kumaliza mlio wake. Wahudumu wapya wakiona wamepangiwa safari naye waliguna. Yeye alijua, na wala hakujali. Alichotaka ni ndege ipae salama, itue salama, na yeye arudi nyumbani kwa dada yake, avue viatu, alale.

Asubuhi hiyo ndege ilijaa pomoni. Abiria wa mwisho kuingia alikuwa mwanamke mmoja, jasho linamchuruzika mpaka shingoni. Mtoto wa kiume wa miezi tisa kamfunga kifuani, msichana wa miaka mitatu kamshika mkono, begani mkoba mkubwa, na kwenye kiwiko mfuko wa kitambaa unaning'inia. Viti vyao vilikuwa safu ya ishirini na tatu. Dirishani alishakaa bwana mmoja mnene aliyevaa tai ya kijani, ambaye alipowaona watoto wale wawili wanakuja upande wake alifumba macho kama mtu anayesikia habari ya msiba.

"Mkoba huo juu," Kanuni alimwambia yule mama.

"Una nepi ndani, na nguo za kubadilisha, na tishu zenye unyevu. Nikiuweka juu nitaufikiaje na mtoto mapajani?"

"Basi chini ya kiti cha mbele. Miguuni hapana."

Mama akapiga magoti kwenye kile kinjia chembamba, akausukuma mkoba kwa goti, kwa ngumi, kwa kisigino, huku abiria wa nyuma wakiguna. Ulipoingia Kanuni akaunyooshea kidole mfuko wa kitambaa.

"Na hicho?"

"Poti ya mtoto."

"Ndege ina vyoo vinne, mama."

"Najua. Anaviogopa. Vinanguruma."

"Mimi sivai nepi tena," msichana akadakia. Mama yake alimwita Bibie, na kweli alikuwa na ubibie wake: nywele zimesukwa mistari, miguu inaning'inia kwenye kiti cha kando ya njia, kidole kimoja hewani. "Siku kumi na moja sivai nepi."

Watu wa safu ya mbele wakacheka. Kanuni hakucheka. Alikwishasikia visingizio vya kila aina, na poti aliihesabu kuwa kisingizio kipya tu. Akautia mfuko ule chini ya kiti cha Bibie kwa ncha ya kiatu, akaendelea na safu ya ishirini na nne.

Ndege ikasogea, ikafika karibu na njia ya kurukia, ikasimama. Rubani akatangaza kwamba mvua kubwa inapita mbele yao, kuna ndege nane kwenye foleni, wavumilie dakika kumi. Dakika kumi zikawa ishirini. Taa ya mikanda ilikuwa inawaka, na chini ya taa ile Kanuni hakuwa na mzaha na mtu.

Dakika ya ishirini na tano kengele ya safu ya ishirini na tatu ikalia.

"Mtoto amebanwa," mama akasema.

"Taa inawaka."

"Ndege imesimama."

"Inaweza kuondoka sekunde yoyote. Akiwa chooni ataumia, na atakayeulizwa ni mimi."

"Nakuomba dada yangu. Ndiyo kwanza ameacha nepi. Hajui kushika muda mrefu."

"Ungemvalisha nepi kwa safari. Watu wenye akili ndivyo wanavyofanya."

Uso wa mama ukakauka. "Watu wenye akili," akarudia taratibu, kana kwamba anayapima maneno hayo uzito. Bwana Tai kule dirishani akaongeza kwa sauti ya kusikika kwamba watoto wadogo wangekuwa na ndege yao. Kanuni akageuka akarudi mbele.

Dakika ya thelathini na tano kengele ikalia tena. Safari hii Bibie alikuwa amebana mapaja na machozi yanamlengalenga, lakini halii. Alikuwa ananong'ona, "Nashika, mama. Nashika." Kanuni alimwona. Alimwona vizuri kabisa. Akasema, "Taa inawaka," akaondoka.

Alipofika kwenye kiti chake cha kukunja kando ya mlango wa katikati, akasikia vurugu nyuma yake. Mama yule alikuwa ameutoa mfuko chini ya kiti, ametoa poti ya njano ya plastiki, ameisimamisha juu ya kiti cha Bibie, na Bibie kakaa juu yake, gauni limeinuliwa, anatazama watu kama malkia aliyekalishwa kitini pake. Mchirizi ukasikika safu nne mbele na safu nne nyuma.

"Ah! Ah! Nini hiki!" Bwana Tai akajibanza dirishani.

"Haya ni matusi," akasema bibi mmoja wa ng'ambo ya njia. "Watu wazima tumekaa hapa!"

"Mwache mtoto ajisaidie," sauti nyingine ikajibu.

"Wewe nyamaza, hayupo karibu nawe!"

Kanuni alifika pale mbio. "Toa hicho kitu! Toa sasa hivi!"

"Hajamaliza," mama akajibu, bila hata kuinua uso.

Na Bibie alipomaliza, akafutwa, akavishwa, ndipo sauti ya rubani ikatoka kwenye vipaza sauti, fupi na ya haraka: wahudumu wakae, wanaruka. Nafasi ya foleni ilikuwa imefunguka ghafla. Ndege ikaanza kupinda kuingia kwenye njia, na juu ya kiti cha ishirini na tatu kuna poti isiyo na kifuniko, imejaa zaidi ya nusu.

Mama akamfunga Bibie mkanda kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akainyanyua poti, huku mtoto wa kifuani anaikwapua kwa vidole. "Chukua," akamwambia Kanuni.

"Mpe bwana."

"Nani? Mimi?" Bwana Tai akakunja mikono kwapani. "Sigusi. Hata mnishushe."

"Chukua," mama akarudia, "au naiweka chini, na ndege ikiinua pua mtakunywa wote mpaka safu ya mwisho."

Kanuni akaangalia nyuma, choo kilikuwa mbali, safu kumi. Akaangalia mbele, kiti chake kilikuwa hatua sita. Injini zikaanza kuvuma. Akaipokea poti kwa mikono miwili, akatembea hatua sita zile kama mtu anayebeba kaa la moto, akakaa, akajifunga mkanda kwa mkono mmoja huku poti imetua mapajani. Kiti cha mhudumu pale kinawatazama abiria. Kwa hiyo watu wote wa nusu ile ya ndege walimwona: mhudumu mwenye skafu iliyopigwa pasi, mgongo wima, uso wa chuma, kashika mkojo wa mtoto wa watu.

Mwenzake aliyekaa ubavuni, kijana mmoja waliyemwita Mashavu, alisogeza magoti mpaka hayakuwa na pa kusogea tena. "Usiniangalie," Kanuni akamwambia kwa meno yaliyofungwa.

"Sikuangalii," Mashavu akasema, na mabega yanamtikisika.

Ndege ikakimbia, ikainua pua. Mkojo ukaegemea upande wa magoti yake, ukapanda, ukagusa ukingo. Akainamisha poti kuelekea tumboni, akaichezesha kidogo kidogo kwa kadiri sakafu ilivyopanda. Matone matatu yakaruka yakatua kwenye sketi. Safu ya kumi na tisa mtu alikuwa ameinua simu anarekodi. Kanuni hakuweza kunyanyua mkono kumkataza. Alichoweza ni kumtazama yule mama wa ishirini na tatu, na mama alikuwa anamtazama yeye. Hakuwa anacheka. Kama angecheka Kanuni angemsamehe, au hivyo ndivyo alivyojiambia baadaye. Mama alimtazama tu kwa utulivu, kama mtu anayekagua kazi aliyoiagiza mwenyewe.

Taa ya mikanda ilipozimika Kanuni alikwenda chooni, akamwaga, akaisuuza poti kwa dawa, akabadilisha soksi, akapangusa sketi kwa kitambaa mpaka ikabaki duara jeusi la maji. Kisha akaitia poti kwenye mfuko mweusi wa taka, akaufunga mafundo mawili, akaufungia kwenye kabati la jiko la ndege. Ufunguo akautia mfukoni.

Saa moja baadaye mama alimfuata kule jikoni, mtoto wa kiume begani.

"Nimekuja kuchukua poti."

"Utaipata tukitua. Chombo kilichotumika kwa haja hakiruhusiwi kurudi kwenye viti vya abiria. Ni kanuni ya afya."

Kanuni hiyo haikuwepo. Kitabu chao kilikuwa na kurasa mia tatu na sitini, kimeandika habari za mbwa, majeneza, betri, hata za abiria aliyekufa njiani, lakini poti hakikuigusa popote. Aliitunga pale pale, na ulimi haukumkwama hata kidogo. Kwa miaka kumi na minne hakuna abiria aliyewahi kumwambia aonyeshe ukurasa.

"Umeiosha?" mama akauliza.

"Nimeiosha."

"Sasa uchafu uko wapi?"

"Mama, kanuni ni kanuni. Mpeleke chooni kama watoto wengine."

"Nimempeleka sasa hivi. Nilipobonyeza cha kumwagia maji kikanguruma, akanipanda mpaka kichwani. Anasema kitamvuta aende chini. Hatakaa pale, hata umfanye nini."

"Basi mvalishe nepi."

Mama akamhamisha mtoto bega la pili. Akasema taratibu, kama anayemweleza mwanafunzi mzito wa kuelewa: "Huyu alichelewa. Ndugu wa baba yake walimsema, shule ya chekechea ikamkataa. Tumekojolea makochi, magodoro, miguu yangu. Leo siku ya kumi na moja. Nikimvalisha nepi, anaanza upya na mimi naanza upya, na safari hii na wa pili juu. Unaelewa ninachokwambia?"

"Naelewa. Poti utaipata tukitua."

"Una mtoto wewe?"

"Ninaye."

"Nani alimvua nepi?"

Kanuni akasema, "Mimi."

"Alianza kuacha mchana au usiku?"

Binti wa Kanuni alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa amemwacha kwa dada yake tangu ana miezi mitano, kwa sababu ratiba za ndege hazimngoji mtoto ashibe. Habari kwamba ameacha nepi aliipata kwa simu, hotelini, sentensi moja katikati ya habari za bei ya gesi na bomba lililopasuka. Alisema, "Hongera," akaenda kuoga.

Mama alingoja. Alipoona jibu halipo, akasema, "Nilijua," akaondoka.

Neno lile moja lilimchoma Kanuni kuliko matusi yote aliyowahi kutukanwa angani. Angeweza kumkimbilia na poti. Kabati lilikuwa hatua mbili, ufunguo mfukoni. Badala yake akaanza kupanga vikombe kwenye toroli, kwa nguvu, kimoja ndani ya kingine.

Chakula kilipoanza kugawiwa, mtoto wa kiume naye akachafua. Choo chenye kimeza cha kubadilishia watoto kilikuwa kimoja tu, kule mkiani, na foleni yake ilikuwa watu tisa. Toroli mbili zimeziba njia, moja mbele moja nyuma. Harufu ikapanda. Bwana Tai akafunika pua kwa ile tai yake. Mama akamlaza mtoto juu ya kiti cha Bibie, Bibie kasimama sakafuni kashika pakiti ya tishu zenye unyevu kama mganga msaidizi, wakambadilisha pale pale kwa dakika mbili, kazi safi, ya mtu aliyeizoea. Kisha mama akabaki na nepi chafu, ameikunja vizuri ikawa kama mpira, anatafuta pa kuiweka. Toroli ya Kanuni ilikuwa imefika.

"Naomba uitupe hii."

"Siwezi kupokea nikigawa chakula."

Hii sasa ilikuwa kanuni ya kweli, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Lakini aliyetunga kanuni moja ya uongo hana namna ya kuwaaminisha watu nyingine iliyo ya kweli.

"Mkojo uliupokea."

"Weka kwenye mfuko wa kutapikia, uweke miguuni mpaka nimalize."

"Miguuni si ulikataza?" mama akasema. Akanyoosha mkono juu ya kichwa cha Bibie, akaitua nepi ile juu ya toroli, katikati ya vikombe vya juisi.

Pakalipuka. Bibi wa ng'ambo akasimama, akasema huyu mwanamke hana adabu, hana haya, na watoto wake watafunzwa na dunia. Mtu wa nyuma akapiga kelele kwamba hajala tangu jana. Bwana Tai akadai ahamishwe kiti, na alipoambiwa hakuna kiti, akadai jina la Kanuni, akaliandika kwenye tiketi yake. Toroli nzima ya vinywaji ilibidi irudishwe, na safu ya ishirini na tatu mpaka thelathini zilikunywa maji matupu siku hiyo. Kanuni akaisukuma nyuma. Mashavu akaichukua ile nepi kwa glavu, akaitupa, akamuuliza polepole, "Si umrudishie tu poti yake, yaishe?"

"Haitoki."

"Kwani ni kanuni ipi hiyo?"

"Shika kazi yako."

Ndege ilipobakiza nusu saa kutua, Kanuni alijua taa itawaka baada ya dakika kumi. Hakuna aliyemtuma. Akaenda safu ya ishirini na tatu, akasimama wima, akasema akitazama juu ya vichwa vyao, "Taa inakaribia kuwaka. Kama ataenda, aende sasa. Mimi nitashika kitufe, hakitanguruma mpaka awe ametoka."

Bibie akamtazama. Akawa kama anayefikiria. Lakini mama akamwekea mtoto mkono kifuani, kama unavyomzuia mtoto asivuke barabara. "Hatumtaki huyu," akasema. "Bibie, una mkojo?"

"Sina," Bibie akasema haraka, kwa sababu aliona jibu gani linatakiwa.

"Hana," mama akamwambia Kanuni. "Asante sana."

Taa ikawaka. Wakashuka kwenye mawingu, ndege ikatikisika, ikazunguka mara mbili ikingoja ruhusa. Kanuni alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja akiwatazama, tena bila njia ya kugeuka. Aliuona uso wa Bibie unakunjamana. Aliona miguu inabana. Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni unamchoma pajani, na jiko liko nyuma, na ndege inashuka, na sasa hata yeye kanuni zilimfunga kitini. Magurudumu yakagusa ardhi kwa kishindo. Bibie akashtuka, na hapo hapo akaachia.

Hakulia kwa sauti. Aliinama akaangalia maji yanavyotanda kwenye kitambaa cha kiti, akajaribu kuyafunika kwa viganja viwili. Kisha akamwambia mama yake, "Sio mimi."

Abiria waliposhuka, mama alikuwa wa mwisho. Bibie amevalishwa suruali badala ya gauni, na ndani ya suruali ile, Kanuni aliona makalio yamefura: nepi ya mdogo wake, imeunganishwa pembeni kwa shida kwa sababu haimtoshi. Kidole hakikuwa hewani. Kanuni akampa mama ule mfuko mweusi.

Mama akafungua fundo la kwanza, la pili, akaitoa poti, akaikagua ndani. Ilikuwa imeng'aa. Akasema, "Mimi sitakuandikia barua kwa wakubwa wako. Wao watakuhukumu kwa vitabu vyao. Mimi nakuombea tu kitu kimoja, siku moja uhitaji kitu kidogo sana, kidogo kama hiki, na mwenye ufunguo awe mtu kama wewe."

Akashuka ngazi, poti mkononi bila mfuko, watu wote waione.

Kanuni alikiandikia kiti cha ishirini na tatu fomu: kimelowa, kitolewe foronya. Sehemu ya sababu akaandika, "Mtoto."

Wiki iliyofuata msimamizi wake alimwita ofisini. Kilikuwa chumba kidogo chenye feni inayolia na kalenda ya mwaka jana. Msimamizi akageuza simu yake amwonyeshe. Ile video ilikuwa imesambaa. Watu walikuwa wamemwita Mama Poti. Wengi walicheka, wengine walimsifu: huyu ndiye mhudumu mwenye moyo, wangekuwa kumi kama yeye.

"Watu wanakupenda," msimamizi akasema, na hakuonekana kufurahi. "Lakini watu wa usalama wameiona pia. Ndege inapaa, wewe umeshika chombo kisichofungwa, mikono yote miwili ina kazi. Ingetokea dharura ungefungua mlango na nini? Meno?" Akasukuma karatasi mezani. "Onyo la maandishi. La kwanza kwenye faili lako. Una la kuongeza?"

Hakuna aliyeuliza habari za kabati. Hakuna aliyejua pale ofisini. Kanuni akaisoma karatasi yote mpaka chini, kama alivyozoea kusoma kila kitu, akasema, "Sina," akatia sahihi.

Mchana huo alimkuta dada yake sebuleni anakunja nguo. Dada alikuwa mkubwa kwake kwa miaka tisa, mshonaji, mwanamke mwenye maneno machache na yote yana ncha. Kanuni akakaa kwenye mkono wa kochi, akamsimulia yote, hata yale ambayo hakuyasema ofisini. Alipofika kwenye kabati akasita, kisha akasema, "Hakuna kanuni kama hiyo, dada. Niliitunga."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Umeshawahi kuzitunga hapa ndani." Dada akakung'uta shati, akalilaza. "Binti yako alipokuwa na miaka miwili na nusu nilishamvua nepi. Mwezi mzima mkavu, mchana na usiku. Ukaja likizo siku tatu. Akakojolea sanduku lako la safari, bahati mbaya tu, ya furaha. Ukamwambia mtoto akikojoa chini hakumbatiwi siku hiyo. Ukasema ndiyo kanuni."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema. Na uliitekeleza. Alikufuata nyumba nzima mikono juu, wewe unakunja sare zako. Kesho yake akawa anashika mkojo mpaka tumbo likamuuma, nikampeleka zahanati wewe ukiwa umeshaondoka. Akarudi kwenye nepi miezi minne. Nilimvua nepi mara mbili mtoto yule. Mara ya kwanza ilikuwa kazi yake na yangu. Ya pili ilikuwa kazi yako, nikaifanya mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikupigia. Ukasema uko kwenye basi la wahudumu, nikupigie baadaye." Dada akachukua soksi, akatafuta mwenzake kwenye rundo. "Sasa unakuja kunilia hapa kwa ajili ya mtoto wa watu uliyemwona kwa saa tano tu."

Kanuni hakuwa analia, lakini hakubisha. Alijaribu kukumbuka sanduku, likizo, mtoto wa mikono juu. Alilikumbuka sanduku, lilikuwa la bluu.

Mlango ukafunguliwa, binti akaingia kutoka shule, mrefu, begi limemvuta bega moja. "Mama, kuna chakula?" akamuuliza mama yake mkubwa. Akageuka akamwona Kanuni. Tangu aanze kuongea alimwita mama mdogo. Hakuna aliyemfundisha, na hakuna aliyemsahihisha.

"Mama mdogo, ni wewe kweli kwenye ile video?"

"Ni mimi."

"Darasa zima wameiona. Wananiita Mtoto wa Poti."

"Watasahau."

"Hawasahau." Akavua kiatu kimoja kwa ncha ya kingine. "Kwa nini uliishika? Ungemwachia mwenyewe."

"Hakuwa na mkono uliobaki."

Binti akamtazama kidogo, kama anayengoja kama kuna zaidi. Kisha akachukua rundo lake la nguo zilizokunjwa, akaenda chumbani, akafunga mlango. Kanuni akasimama. Alitaka kumfuata amuulize kama analikumbuka lile sanduku la bluu.

"Usimuulize," dada akasema bila kuinua kichwa.

Akakaa tena. Dada akamsogezea rundo la soksi, na kwa muda mrefu wakazitafutia wenzao, kila mmoja upande wake.